Kisa cha tari lililolia baada ya mkono: video ya harusi kutoka Unguja mpaka Muscat

Hii kazi ilinila siku 11 na mzee nilimuahidi siku 4, na pesa niliyolipwa ukiigawa kwa masaa niliyokaa kwenye kiti utanicheka, lakini naiandika yote kama ilivyokuwa maana kila wiki lazima kijana mmoja aniulize "kaka, nikonvati kwenda fomati gani?" na mi jibu fupi sina. Nna kisa tu.

Harusi ilikuwa hapa hapa mjini, upande wa wanaume. Nikaha msikitini baada ya alasiri, usiku Maulidi ya Homu nyumbani kwa bwana harusi. Upande wa wanawake sikuletewa kitu na sikuuliza, wale wana mambo yao na kamera zao wenyewe, na ndivyo inavyotakiwa. Mzee, baba wa bwana harusi, shida yake ilikuwa moja tu: dada yake yuko Muscat miaka mingi, magoti hayamruhusu tena kupanda ndege, na anataka aione harusi ya mtoto wa kaka yake kwenye tivii, akae kwenye kochi aone kama watu. Simu hataki, macho. "Mpwa wangu, we nifanyie tu dada aone," basi, hayo ndo yalikuwa maelekezo yote ya kazi.

Nilicholetewa ni hiki. Kamera yangu mwenyewe, ya zamani ya AVCHD (fomati ya kamera za video za nyumbani), kama saa 1 na dakika 50, mafaili ya MTS. Rekoda ya sauti iliyochomekwa kwenye miksa, WAV safi kabisa ya 48 kHz. Halafu simu ya mdogo wake bwana harusi, ambaye aliiweka kwenye stendi pembeni akairekodi Homu nzima kwa mkupuo mmoja, dakika 42 bila kukata. Na hiyo ya simu ndo ilikuwa nzuri kuliko zote kwa sababu mi nilisimama nyuma ya safu na yeye alikuwa mbele yao.

Asiyeijua Homu: wanaume wanapiga magoti kwa safu, wanayumba pamoja kulia, kushoto, wanainama, wanainuka, na matari yanapigwa. Yaani ni kitu ambacho kama picha na sauti vimeachana hata robo sekunde mtoto mdogo ataona. Hotuba unaweza ukamdanganya mtu, tari hudanganyi. Mkono ukigonga kimya na mlio ukaja baadae, kwisha.

Sasa kosa langu la kwanza, na ndo kosa lililonifanya niandike. Nikaangalia mafaili. Ya simu inaishia .mp4, nikasema hii tayari ni MP4, ya nini kuigusa. Ya kamera inaishia .MTS, nikasema hii "fomati ya ajabu", lazima ikonvatiwe. Nikafungua kikonvata cha bure nilichokuwa nacho kwenye laptopu, nikachagua MP4, nikachagua 720 ili iwe nyepesi maana laptopu yangu ni mzee, RAM GB 8, nikaenda kulala. Asubuhi mafaili yamekuwa madogo mazuri nikafurahi.

Kumbe nimegeuza mambo kichwa chini. Kilichohitaji kukonvatiwa nimekiacha, kisichohitaji nimekiharibu.

Nianze na uharibifu. Kamera ile inarekodi 1080i, fremu 25 kwa sekunde lakini kila fremu ni nusu mbili zilizofumwa, mistari ya shufwa ya wakati huu na mistari ya witiri ya wakati mwengine kidogo, urithi wa tivii za zamani za chogo. Ukiwa nayo kama ilivyo, programu ya kuhariria inajua namna ya kuzitenganisha. Lakini ukiipunguza kutoka mistari 1080 kwenda 720 bila kuzitenganisha kwanza, zile nusu mbili zinapondwa pamoja, na kila kinachotembea kinaota meno kama ya kitana. Safu nzima ya watu wanayumba na kila bega lina meno. Na hayatoki, hata uwe nani, ushayapika ndani ya picha. Alhamdulillahi nilikuwa sijafuta kadi. Kuna siku nilikuwa na tabia ya kufuta kadi ile ile usiku nikishakopi, sasa hivi kadi haiguswi mpaka mteja alipe ya mwisho.

Na kitu ambacho kinauma zaidi ni kwamba MTS haikuhitaji kazi yote hiyo. Ndani ya MTS picha ni H.264, yaani kodeki (njia ya kubana video), ile ile ambayo iko ndani ya MP4 nyingi duniani tangu miaka ya 2000. Kilichokuwa tofauti ni kasha tu, na sauti yake ni AC-3 ambayo programu yangu ya kuhariria ilikuwa inaikataa. MP4, MOV, MKV, MTS, haya ni makasha. Kama chupa. Unaweza ukaweka asali kwenye chupa ya soda, ikawa chupa ya soda lakini ndani asali. Jina la mwisho la faili linakwambia chupa, halikwambii ndani mna nini. Kwa hiyo nilichotakiwa kufanya ni kuhamisha picha kama ilivyo bila kuigusa, na kubadilisha sauti peke yake, kwa ffmpeg, programu ya bure ambayo unaiandikia amri:

ffmpeg -i kamera.mts -c:v copy -c:a pcm_s16le kamera.mov

Hilo neno copy ndo siri yote. Haikokotoi picha upya, inaimimina tu chupa nyengine. Saa 1 na dakika 50 iliisha kwa dakika chache hata chai haijapoa, ubora ule ule, kama GB 18. Usiku mzima niliopoteza mwanzo ulikuwa wa bure. Tahadhari moja tu hapo: kamera kama hii haiandiki faili moja refu, inalikata vipande vipande kwenye kadi, na ukivigeuza kimoja kimoja sauti inaruka kidogo kwenye viungo. Viunge kwanza viwe kitu kimoja, ndo ugeuze.

Ya simu sasa. Nikaiweka kwenye taimulaini, nikalinganisha na WAV kwa ule mpigo wa kwanza wa tari, ikakaa sawasawa kabisa. Nikahariri siku nzima. Jioni nacheza toka mwanzo, dakika ya 10 sawa, dakika ya 20 naona mikono inatangulia. Dakika ya 40 mkono ushagonga, ushainuka, ushatulia, ndo tari linalia. Nikapima, mwisho wa faili tofauti ilikuwa sekunde 5.

Nikafanya wanavyofanya wote, nikaanza kukata kata na kusogeza. Halafu nikasema aaa, hii ni hesabu tu, nikaivuta picha nzima iwe taratibu kwa asilimia 0.2. Mwanzo sawa! Mwisho sawa! Katikati bado imeachana. Hapo ndo nikajua tatizo si kwamba simu inakimbia kwa kasi moja isiyo sahihi, bali kasi yenyewe inabadilika njiani.

Nikaifungua kwenye MediaInfo, programu ya bure ambayo ingekuwa amri yangu kila anayegusa video angekuwa nayo, na ikasema wazi kuwa kasi ya fremu ni ya kubadilika. Ndani ni HEVC (kodeki mpya kuliko H.264, inabana zaidi), na kasha limeandikwa fremu 30 kwa sekunde ila wastani wa kweli ni 29.94. Hesabu ndogo: dakika 42 ni sekunde 2,520, ukizidisha kwa 30 unatakiwa uwe na fremu 75,600. Faili lilikuwa na kama 75,449. Zimepungua 151. Na 151 ukigawa kwa 30 ni zile sekunde 5 zangu.

Zimeenda wapi? Hazijapotea, hazikupigwa kabisa. Simu nyingi zikiona giza zinaacha jicho wazi muda mrefu zaidi kwa kila picha ili zipate mwanga, na ukikaa wazi muda mrefu huwezi kupiga picha 30, unapiga 24 au ngapi sijui, mwanga ukirudi unapanda tena. Usiku ule kuna taa moja ilihamishwa kupelekwa kwenye biriani. Nakumbuka vizuri kwa sababu mi mwenyewe nilinung'unika. Nikatazama picha, pale pale taa ilipoondoka ndo tofauti inaanza. Faili lenyewe halina kosa, kila fremu ndani yake imeandikiwa muda wake, na ukilicheza kwenye simu liko sawa. Ila programu yangu ya kuhariria, toleo la zamani, ilikuwa haisomi ile saa. Inahesabu fremu tu, moja mbili tatu, kila moja inaipa muda sawa. Kwa hiyo picha inaisha mapema kuliko sauti. Programu mpya nyingi zinalimudu hili, lakini hata hizo mi siku hizi siziamini kwa kazi ya saa nzima.

Dawa ni kuipa kasi moja isiyobadilika kabla hujaanza kuhariri, kabla, maana mi nilishahariri siku nzima na ikabidi nianze upya. Na hapa ndo kukonvati kwenyewe kunakotakiwa, na hapa hutaki faili dogo, unataka faili kubwa. Watu hawanielewi nikisema hivi. H.264 na HEVC zinabana kwa ujanja: haziweki kila picha nzima, zinaweka picha moja nzima halafu zinazofuata zinaandika kilichobadilika tu. Kwa kuangalia ni safi. Kwa kuhariri, kila ukisogeza kidole kompyuta inabidi irudi nyuma kutafuta ile picha nzima halafu ijenge mpaka hapo ulipo, ndo maana laptopu inapiga feni kama pangaboi bovu. Kodeki za kuhariria kama ProRes au DNxHR zinaweka kila picha nzima nzima. Zinakula diski lakini zinateleza.

Nilipiga hesabu ya diski kwanza maana nilibakiwa na GB 140. DNxHR SQ kwa 1080 ya fremu 25 ni kama megabiti 120 kwa sekunde, gawa kwa 8 ni megabaiti 15, kwa saa moja ni GB 54. Ningegeuza kila kitu, kamera na simu, ni GB 137, halafu faili kuu la mwisho la dakika 88 ni GB 79 nyengine. Haziingii. Lakini kamera nishaimimina tu kwa GB 18, simu pekee dakika 42 ni GB 38, jumlisha na hiyo 79 inakuja 135. Ikabaki GB 5. Nikasema bismillahi.

ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -c:v dnxhd -profile:v dnxhr_sq -pix_fmt yuv422p -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu.mov

Kwa nini 25 na si 30? Kwa sababu kamera ni 25 na kamera ndo ina masaa mengi. Gharama yake ni kuwa kutoka 30 kwenda 25 kila fremu 6 moja inatupwa, na kwenye kuyumba kwa Homu ukikodoa macho unaona kama kasita kadogo. Nilikubali. Shangazi wa Muscat hahesabu fremu. Kama ungekuwa mpira ningefikiria mara mbili.

Ilipofika asilimia 80 na kitu umeme ukakatika. Betri ya laptopu ilishakufa zamani, naitumia kama redio ya ukutani. Umeme uliporudi faili lipo, zaidi ya GB 30 ziko pale, halifunguki popote. MOV na MP4 kwa kawaida zinaandika faharasa yake mwishoni kabisa, kazi ikikamilika, na bila faharasa ni kitabu kilichochanwa jalada na nambari za kurasa. Nikaenda kwa jirani mwenye duka la fotokopi nikamuazima UPS, nikaanza upya. Asubuhi nikaiweka kwenye taimulaini, nikapeleka moja kwa moja dakika ya 41. Mkono umegonga, tari limelia. Nilicheka peke yangu.

Kuhariri kulikwenda haraka baada ya hapo, sina la kusema. Mzee akaja, akaona, akalia kidogo kwenye nikaha, akasema mbona yule mwenye kofia ya kijani anaonekana mara nyingi. Nikampunguza.

Sasa kupeleka. Kuhariri na kuangalia ni dunia mbili na zinakwenda kinyume. Kule unataka faili kubwa jepesi kwa kompyuta, huku unataka faili dogo ambalo hata tivii ya mtu mzima wa Muscat italielewa. Nikamuomba mtoto wake apige picha ile stika ya nyuma ya tivii, nikatafuta modeli, ni ya 2012. Viwango vya HEVC vimetoka 2013. Kwa hiyo HEVC nje, hata kama faili lingekuwa nusu. H.264, sauti AAC, kasha MP4, mambo ya kawaida kabisa.

Nikatoa la kwanza kwa ubora wa juu, GB 6.8. Nakopi kwenye flashi, inakataa, faili ni kubwa mno, na flashi ni ya GB 32 tupu. Flashi ilikuwa imefomatiwa FAT32 na hiyo haibebi faili moja linalozidi GB 4, hata iwe na nafasi kiasi gani. Ningeweza kuifomati exFAT, lakini tivii ya mwaka ule sikuwa na uhakika itaisoma, na ukishaipeleka Muscat huwezi kwenda kuirekebisha. Nikaona bora nibane. GB 4 kwa dakika 88, yaani sekunde 5,280, ukipiga inakupa kama megabiti 6 kwa sekunde kwa kila kitu. Nikachukua picha 5.5 na sauti kilobiti 192, kwa kupita mara mbili ili igawe vizuri, ikaja GB 3.8. Nikaicheza kwenye VLC, programu ya kuchezea video kwenye kompyuta, kioo. Nikaitia flashi kwenye bahasha, msafiri akaichukua pamoja na boksi la halua, kama vile Muscat hakuna halua.

Siku ya tatu simu ya usiku. "Kaka, sauti tunaisikia, picha nyeusi."

Mi nishaiangalia! Kwa macho yangu! Nikaifungua tena kwenye VLC, iko kama kioo. Na hapo ndo penyewe, VLC inacheza kila kitu, ukiipa jiwe italicheza, kwa hiyo kuijaribu video kwenye VLC ni sawa na kumuonjesha pilipili mtu aliyezoea ukali. Nikarudi MediaInfo, safari hii nikasoma polepole, mstari wa profaili: High 4:2:2.

Basi nikajua. Faili langu kuu la DNxHR lina rangi za 4:2:2, na nilipoliingiza ffmpeg kutengeneza H.264 sikusema rangi ziwe vipi, ikaziacha hivyo hivyo, kwa heshima. Tivii na vidubwasha vya nyumbani vinataka 4:2:0, yaani rangi zilizopunguzwa nusu nyengine, na chipu ndani yake haijafundishwa kingine. Sauti ni AAC inaijua, ikaicheza, picha ikashindwa, ikaweka giza bila hata kusema kosa ni nini. Neno moja tu nilisahau, -pix_fmt yuv420p. Hiyo pix_fmt niliiandika nilipokuwa nageuza ya simu kwenda kuhariri, nikaisahau pale ilipokuwa na kazi.

Nikatoa upya kwa libx264 (ndo inayotengeneza H.264), profaili high, levo 4.1, yuv420p, ile ile 5.5, na nikaongeza faststart ambayo inaihamisha ile faharasa ije mwanzoni ili faili lianze kucheza hata kabla halijashuka lote. Safari hii sikungoja msafiri. Kabla sijatuma nikaenda na flashi nyengine nyumbani kwa mamangu, tivii yake ni kuukuu kuliko ya Muscat, nikaichomeka, nikakaa naye tukaangalia Homu nzima, akawa anaitikia. Nikaipandisha usiku kwa bando, ikaisha karibu na alfajiri, kijana wa Muscat akaishusha akaitia flashi ile ile.

Nilimkatia pia mzee nikaha peke yake, dakika 9, ndogo, nikamwambia akiisambaza kwenye grupu aitume kama dokyumenti asiitume kama video, la sivyo itabanwa tena njiani. Akaituma kama video. Sawa.

Jioni ya siku ya pili ikaingia klipu kutoka Muscat. Shangazi yuko kwenye kochi, mtandio mweupe, tivii mbele yake, safu inayumba na yeye anayumba nayo, kidole kinagonga mkono wa kochi pamoja na tari, na tari liko pale pale kidole kinapogonga. Imepigwa kwa simu, wima, chumba chenyewe giza, taa imezimwa ili tivii ionekane vizuri. Chini yake kijana kaandika: "Kaka hii nayo tuingizie mwishoni mwa video, mama kasema."